Kilo ya Masereka

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapasha mabati, Apollinaire alipanda juu ya meza ya jikoni akafunga mizani kwenye boriti. Ilikuwa mizani ya kuning'inia, yenye uso wa duara na mshale mwekundu, na chini yake ndoano iliyobeba beseni la plastiki. Akashuka, akaitazama, akapanda tena kuinyoosha. Mama Abigaïl, mpishi, alikuwa anaihitaji ile meza kukatia sombe, majani ya muhogo ya mchana. Alisubiri na kisu chake mkononi, kwa kuwa Apollinaire alikuwa ametoka kwenye semina juzi tu, na semina ilikuwa bado haijamtoka kichwani.

Jiko lilikuwa nyuma ya kanisa moja la Butembo, kwenye uwanja wa shule ambayo madarasa yake yalikuwa yamejaa watu waliokimbia vita. Vita vyenyewe vilikuwa vile vya pili vya Kongo. Beni walikaa watu waliojiita serikali. Walikuwa na mawaziri, mihuri, bendera na vizuizi vya barabarani. Walichokosa ni barabara. Serikali hiyo ilikuwa imetangaza kwamba chakula cha wakimbizi kisipimwe tena kwa kopo bali kwa kilo, na ikawaita mameneja wote wa vyakula waende Beni wafundishwe jinsi ya kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Apollinaire alikwenda. Alikunywa chai yao, akala mikate yao, akarudi na mizani, chaki ya rangi na namna mpya ya kutembea.

Hadi siku hiyo chakula kilipimwa kwa kopo la maziwa ya unga ambalo karatasi yake ilishababuka zamani na mdomo wake ulishapinda. Butembo kopo lina namna mbili. Kuna kopo la kukata, ambalo muuzaji hulifuta juu kwa kiganja hadi liwe sawa na mdomo. Na kuna kopo la kichwa, linalojazwa hadi unga usimame juu kama kilima na kuanza kumwagika wenyewe. Baada ya kichwa huja matabishi, ile ngumi ndogo ya ziada ambayo muuzaji huongeza bila kuombwa, ili mnunuzi ajue kwamba amehudumiwa na binadamu. Mama Abigaïl aliwapimia wakimbizi kopo la kichwa, na matabishi juu.

Beni walisema hicho si kipimo, ni mapenzi, na wafadhili hawawezi kusoma mapenzi kwenye ripoti.

Apollinaire alichukua ubao wa darasa la kwanza akausimamisha karibu na mafiga. Akachora mistari, akapima kopo moja la maharage, moja la mchele, moja la unga, moja la chumvi, na mbele ya kila moja akaandika kilo zake. Akagundua kwamba kopo la chumvi ni zito kuliko kopo la unga, ingawa kopo ni lile lile. Aliwatangazia watu wa jikoni habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyeumba chumvi mwenyewe. Mama Abigaïl alimuuliza kichwa cha kopo amekiandika wapi. Alijibiwa kwamba kichwa kimeondolewa. Akauliza matabishi je.

"Matabishi haina formule, mama," alisema Apollinaire.

Uji wa watoto nao ukageuzwa kuwa kilo. Mama Abigaïl alikuwa akiupika kwa kuangalia unga wenyewe: uliosagwa jana hukaa kwenye kopo kwa namna yake, ulioshindiliwa kwenye gunia kwa namna nyingine, na mkono unajua. Apollinaire aliuondoa mkono. Alipima unga, akapima maji, akapima hata kuni, na saa nne ulitoka uji mwepesi ambao watoto waliunywa kama maji ya kunawia. Alipoambiwa hivyo alisema kwamba uji ni sahihi, ila midomo ilikuwa imezoeshwa vibaya.

Sasa tuseme yeye ni nani, kwa sababu mwenyewe hakupenda kusema. Apollinaire alizaliwa Masereka, kule juu kwenye viazi na ukungu, mtoto wa pili wa Mama Jokébed. Mama huyo alimlisha bugali wa mahindi yaliyochanganywa na ulezi, ambao kwao unaitwa bulo, akambeba mgongoni, akamsomesha kwa mgongo ule ule hadi akapata diploma. Akiwa mjini mtoto huyo aliukunguta udongo wa Masereka viatuni na hakuruhusu urudi. Akiulizwa kwao ni wapi, alisema, "Upande wa Lubero," kama mtu anayeonyesha mvua iliyo mbali.

Halafu Masereka ikamfuata. Wanajeshi walipita vijiji vya mama yake wakati wa mavuno. Ni wa upande gani, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Pande zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na njaa moja. Walishusha kila kilichokuwa kwenye maghala, mahindi na bulo na hata unga uliokwisha kusagwa, kisha wakachoma maghala yenyewe, labda ili yasikae bure. Mama Jokébed alishuka Butembo kwa miguu na wajukuu wanne, watoto wa marehemu Malachie, kaka yake Apollinaire. Mwanawe alimpokea vizuri, akamwandikisha, akampa mkeka na nafasi katika darasa la tatu pamoja na familia nyingine. Nyumbani kwa Apollinaire kulikuwa na sebule yenye viti vilivyovikwa vitambaa vya kudarizi ambavyo hakuna aliyevikalia, lakini meneja wa chakula anayelaza mkimbizi kwake angeonekana anapendelea. Mkewe, Falonne, aliikubali hoja hiyo kabla haijamalizika.

Mjukuu mdogo kabisa alikuwa Ariel. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki, na lilichukua muda kujaa. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto hana ugonjwa, ana njaa; alimwandikia maziwa kidogo ya kila siku na kumwambia bibi atafute chakula cha kutosha. Basi Mama Jokébed akawa na haja moja tu duniani, nayo ni unga. Vita, ghala na nyumba yenye viti vya kudarizi aliviacha vikae vilipo.

Unga wa wakimbizi ulitakiwa kununuliwa Uganda na kuingilia mpakani Kasindi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa Papa Vagheni, mfanyabiashara wa jumla na mzee wa kanisa, mwenye tumbo la amani na sauti ya kuombea harusi. Yeye aliona kwamba Kasindi ni mbali, ni vumbi tupu, na watu wa forodha hawana hofu ya Mungu. Akaleta unga kutoka ghala lake mwenyewe, barabara ya pili kutoka kanisani. Magunia yalikuwa meupe na yameshonwa vizuri.

Ugawaji wa kwanza kwa kilo ulianza baada ya sala. Sheria ya Beni ilisema kila familia ipate kilo kumi na mbili, na kwamba mwenye jina aweke mkono kwenye beseni wakati wa kupima, ili mtu asichukulie mwenzake. Wa kwanza walikuwa watu waliokimbia kutoka upande wa Beni. Mama Abigaïl alimimina, mwenye jina akashika beseni, mshale ukashuka taratibu hadi kumi na mbili, Apollinaire akasema "Anayefuata." Waliondoka na mifuko iliyojaa. Unga wao wenyewe ulikuwa umeliwa na wanajeshi wengine, mahali pengine.

Akaja Julie, mjane wa Masereka, jirani wa Mama Jokébed tangu ujana. Mama Abigaïl alimimina. Julie akaweka mkono kwenye beseni, na mshale ukashuka hadi mwisho wa namba ukagonga msumari. Boriti ililia.

"Hapana egemea beseni, mama," alisema Apollinaire.

Julie akaondoa mkono. Mshale ukapanda ukatulia kwenye kumi na mbili. Akaurudisha, mshale ukaenda chini tena. Apollinaire akaigonga mizani kwa ukucha, akapuliza mshale, akaomba unga upunguzwe. Mama Abigaïl akapunguza kopo moja, akapunguza jingine, akaendelea kupunguza huku mzee mmoja wa upande wa Beni akishikilia boriti isije ikawaangukia watu. Mshale ulipofika kwenye kumi na mbili, ndani ya beseni ulikuwa umebaki unga wa kujaza ngumi.

"Douze," alisema Apollinaire. "Anayefuata."

Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea mbele. Mmoja alisema boriti ingefaa kuongezwa nguzo, na wengine wakakubali. Julie aliufunga ule unga kwenye kitambaa. Alipotaka kuuinua kwa mkono hakuweza, basi akafanya kama wanawake wa kwao wanavyofanya na mzigo wa viazi: akaukalisha mgongoni, akapitisha mkanda juu ya kipaji cha uso, akainama, akaondoka hatua kwa hatua kuelekea darasani. Mzigo wenyewe haukuonekana vizuri, ila shingo ilionekana.

Mama Jokébed alipofika kwenye beseni hakuweka mkono kwanza. Alichovya kidole kwenye gunia, akalamba, akafikiri.

"Njo bunga ya kwetu," alisema. "Tulisaga na bulo ndani. Inatujua."

"Mama, bunga haijuake mutu."

"Ya dukani, haijue. Hii iko na benyewe."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayetambua kuku wake kwenye uwanja wa jirani. Wanawake wengine wa Masereka wakaja wakalamba na wakakubaliana naye. Mmoja alitambua hata jiwe la kusagia, kwa ule mchanga mdogo unaobaki kwenye meno. Basi ikaeleweka kwa kila mtu, na haikuchukua muda: unga huu ulishushwa kutoka maghala yao, ukauzwa kando ya barabara na wanajeshi, ukanunuliwa na Papa Vagheni, ukauzwa tena kwa kamati ambayo Papa Vagheni ndiye mwenyekiti, na sasa wenyewe walikuwa wanausubiri kwenye foleni, wakiweka mkono ili wasije wakaiba. Walipougusa, uliwaelemea. Wakati wa makopo jambo hili lisingeonekana, kwa sababu kopo halijali uzito.

Mama Abigaïl alipendekeza njia rahisi. Wanawake wa upande wa Beni wawashikie beseni wale wa Masereka, unga upimwe ukiwa mwepesi, kisha wapewe wenyewe na kila mtu aubebe anavyoweza. Ilikuwa njia ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza, yule aliyenyang'anywa ubao wake, angeiona. Apollinaire alisema hiyo inaitwa fraude, yaani udanganyifu. Akamuonyesha kwa chaki mahali sheria iliposema mwenye jina ndiye ashike.

Jioni ile Mama Jokébed alipika ngumi yake ya unga. Ulitoka bugali wenye ukubwa wa yai. Aliugawa mara nne kwa ncha ya kijiko, yeye akaramba mwiko, na mwiko ukamchosha mkono. Watoto walikula. Baada ya kula hawakuweza kuinuka kwenye mkeka. Uzito uliwashuka tumboni ukawabandika sakafuni, na saruji ya darasa la tatu ikafanya ufa chini ya Ariel. Walilala hapo hapo walipokuwa, wazito na wenye njaa. Ariel aliomba chakula kingine. Bibi akamwambia ameshakula kilo tatu.

Kesho yake akambeba kwa mkanda hadi zahanati. Muuguzi alimtundika mtoto kwenye mizani yake, iliyotoka semina ile ile, na mshale ukaonyesha uzito wa kijana wa kwenda jeshini. Muuguzi aliitazama miguu iliyovimba, akaibonyeza, akaliona shimo linabaki. Halafu akautazama mshale tena. Mshale ndio ulioandikwa. Ariel alitangazwa amepona, na akaondolewa kwenye maziwa.

Jambo hili Mama Jokébed alimweleza mwanawe mlangoni mwa jiko. Apollinaire alisikiliza hadi mwisho, tumpe haki yake. Kisha akasema atalipeleka mbele ya kamati.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Papa Vagheni hakukana chochote. Kwa nini akane? Alisema unga ulikuwa kando ya barabara, ndani ya magunia, na wanajeshi wana haraka.

"Kama miye sikununue, mwingine angenunua," alisema. "Tena pengine mutu asiyesali."

Kisha akamgeukia Apollinaire na kumuuliza jambo lililomshughulisha tangu Jumatatu. Hakuuliza kuhusu watoto. Aliuliza mkono wa mtu wa Masereka unaongeza uzito mara ngapi. Apollinaire, aliyekuwa amefanya hesabu hiyo kwa raha yake mwenyewe, alimjibu kwamba si chini ya mara ishirini. Papa Vagheni alifumba macho kidogo, kama anayeanza sala, na alipoyafumbua alikuwa na pendekezo. Kwa kuwa kamati hununua unga wake kwa kilo, na kwa kuwa ukweli ni ukweli, ingefaa wanawake wa Masereka waalikwe magunia yanapopimwa ghalani, waweke mikono yao, ili kila gunia lilipwe kwa uzito wake halisi. Akaahidi kuwapa chai. Wajumbe wakaona ni wazo la haki.

Mama Abigaïl naye aliomba kopo lirudishwe, na ombi lake likapelekwa Beni pamoja na mengine. Beni walijibu upesi, kitu ambacho hawakukifanya hata pale Lubero ilipoungua. Walisema kurudia kopo ni kurudi nyuma. Walikuwa wamelichunguza jambo na kuona kwamba mizani haina kosa. Kilichokosekana ni safu moja kwenye jedwali. Wakaituma safu hiyo, ikiwa na kichwa cha habari, *Unga mbele ya wenyewe*, na chini yake namba ya kuzidisha waliyoiita coefficient ya Masereka. Apollinaire aliiandika ubaoni kwa chaki ya kijani. Ngumi ya unga ilibaki ngumi, ila sasa ilikuwa na maelezo. Alisimama nyuma kidogo akaitazama. Kijiji chake kilikuwa kimepata jina Beni, na yeye ndiye aliyekipeleka.

Tangu hapo mambo yakapata utaratibu. Kila magunia yalipofika, wanawake wa Masereka waliitwa ghalani kwa Papa Vagheni. Walikwenda, maana chai ilikuwa ya moto na sukari ilikuwamo. Waliweka mikono juu ya magunia, sakafu ikanung'unika, karani akasoma namba kubwa kubwa, wakanywa chai, wakarudi shuleni. Watu wa mjini waliendelea kununua unga ule ule sokoni kwa kopo la kukata, mwepesi kabisa, na waliusifu kwa ajili ya bulo iliyomo. Kabla ya mwezi kwisha Papa Vagheni alilinunulia kanisa mabenchi mapya. Alishukuriwa hadharani, akainamisha kichwa.

Apollinaire alikuwa na tatizo moja tu, na hakumwambia mtu. Yeye naye ni mtu wa ghala lile. Bulo ile ndiyo iliyomkuza. Alijua vizuri kwamba siku atakapoutia mkono wake kwenye unga, utamwelemea mbele ya watu wote, mkono utaanguka hadi magotini, na mji mzima utamjua kuwa ni wa kule juu kwenye ukungu. Kwa hiyo hakuugusa. Alishika chaki, akashika kalamu, akashika kitambaa cha kupangusia viatu. Kumimina na kupunguza alimwachia Mama Abigaïl, na kama punje ya unga ilirukia kwenye shati, aliipuliza akiwa mbali. Ilikuwa aibu, lakini ndani yake kulikuwa na faraja ambayo aliitembelea usiku kabla ya usingizi: hata akisema nini, unga unamjua. Mama yake pia alilijua hilo, na hakumsukuma. Alimtazama tu anavyokunja mikono mgongoni, kama mtoto aliyekatazwa sufuria.

Jumatatu moja, mwezi ukielekea mwisho, foleni ilikuwa ndefu na boriti ilikuwa imeongezwa nguzo mbili. Ariel alikuwa hawezi tena kusimama. Mama Jokébed alikuwa amemwacha kwenye mkeka na dada zake. Alikuja peke yake, na mkanda wake begani.

Mama Abigaïl alipomwona aligeuka kidogo ili mgongo wake ufunike beseni, akachota kwa lile kopo la zamani, kopo la kichwa, akamimina.

"Toa, mama," alisema Apollinaire. "Sheria."

Mama Abigaïl alimtazama kwa muda ambao mtu mwingine angeona haya. Kisha akatoa. Mama Jokébed akaweka mkono kwenye beseni, nguzo zikalia, na Mama Abigaïl akaendelea kutoa hadi ukabaki ule unga wa ngumi moja.

"Apollinaire, mwana wangu," alisema mama yake. "Uniwekee kopo moja. Moja tu, ya kichwa. Ni ya Ariel."

"Kopo ilishaisha, mama. Beni balikataa."

"Basi matabishi."

Neno hilo hakuna mtu wa Butembo asiyelijua. Hata mwizi sokoni huliitikia. Apollinaire aliangalia chini, akaangalia ubao, akaangalia mwishoni mwa foleni ambako mjumbe mmoja wa kamati alikuwa anachokonoa meno.

"Mama, kama minakuongezea, batu batasema nini?"

Akainua macho kwenye mshale, kwa kuwa huko hakukuwa na uso wa mtu. Na hapo akaona kwamba mshale haukukaa sawasawa. Ulikuwa umepita kumi na mbili, kwa unene wa unywele tu, lakini umepita. Mama Abigaïl alikuwa ameweka kopo chini na kukunja mikono kifuani, na ilikuwa wazi kwamba hataligusa tena lile beseni hata aje waziri. Mtu wa kupunguza hakuwapo. Basi Apollinaire, ambaye hakuwa ameugusa unga tangu mizani ifungwe, akapeleka mkono wake mwenyewe akachota kwa vidole vitatu.

Mshale ukakaa kwenye kumi na mbili.

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekaza kiwiko, ametanua miguu. Aliugeuza mkono, kiganja juu, na unga ukiwa katikati, akangoja uzito. Watu wa Masereka waliokuwa kwenye foleni nao wakangoja. Walimjua tangu anatambaa. Mama yake akangoja kuliko wote, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na tumaini. Huenda aliwaza kwamba mtu akielemewa mwenyewe ataelewa.

Hakuna kilichokuja. Apollinaire aliupima ule unga kwa kuuinua na kuushusha, kama watu wa sokoni wanavyofanya. Ulikuwa mwepesi kama unga wa mtu yeyote. Akausogeza karibu na macho. Ulikuwa ndio ule wa kwao, na bulo ilionekana ndani, vidoa vidoa vyekundu.

"Kwako iko mwepesi?" aliuliza mama yake.

"Iko normal," alisema.

Ilimuuma. Tuseme ukweli, ilimuuma, na kwa kitambo kidogo alisimama pale akiwa hana kwao, na hakuna safu ya jedwali inayomhusu. Angeweza kuurudisha ule unga kwenye beseni. Vidole vitatu vya unga, mbele ya mwenyewe, vingekuwa matabishi.

"Njo vile," alisema Mama Jokébed. "Hakuna neno."

Alisema hivyo kwa upole, upole ambao watu humpa mgeni aliyekosea mlango. Kisha akafunga ngumi yake ya unga kwenye kitambaa, akaikalisha mgongoni, akapitisha mkanda juu ya kipaji, akainama hadi macho yake yakabaki na ardhi tu, akaanza kuvuka uwanja kuelekea darasa la tatu. Mama Abigaïl alivua kitambaa chake cha jikoni akamfuata, akamshika kiwiko.

Apollinaire alipuliza kiganja chake. Unga uliruka wote, mara moja, na mkono ukabaki safi.

"Anayefuata," akasema.